Sato wako hawakui? Mpindue umwangalie tumbo kabla hujalaumu chakula

Wakuu habari za saa hizi. Huku Mwanza, Ilemela mpaka Magu, saivi kila mwenye kiwanja anachimba bwawa, alafu baada ya miezi mitano stori ni ileile, bwawa limejaa samaki ila wa kuuza hakuna, wote saizi ya kiganja cha mtoto, mwenye bwawa analaumu chakula, mwingine anasema jirani ana jicho baya. Mi nilipita hapohapo. Niliuziwa vifaranga nikaambiwa ni madume matupu, nikawamwaga bwawani kule Kisesa, mwezi wa nne asubuhi moja nakuta pembeni ya maji kuna visamaki kama punje za mchele vinaogelea makundi makundi, nikakimbia ndani kumwambia mke wangu mtaji umezaa. Kumbe ndo umekufa, maana wakizaliana hivyo chakula wanagawana wote na hakuna anayekua.

Iko hivi. Sato wa ziwani hana haraka, kwenye maziwa yetu haya ya Afrika Mashariki mara nyingi anaanza kuzaa akiwa na miezi 10 mpaka 12, gramu 350 mpaka 500, samaki wa maana kabisa. Mlete bwawani, samaki huyohuyo anaanza kwenye miezi 5 au 6, wengine hata miezi 3 hajafika gramu 100. Wakibanana na chakula kikawa cha kuungaunga unaweza kumkuta ana mayai na hajafika gramu 20! Kwa hiyo ule udogo wake usikudanganye kwamba bado mtoto, yule ni mama wa watu. Na maji yakishavuka nyuzi 24 anazaa, sasa kwa joto la Mwanza utaona mwenyewe hiyo ni karibu mwaka mzima, anapumzika wiki chache tu anarudia.

Cha kufanya, wakifika gramu 30 hadi 50 vuta kokoro lako dogo la bwawani (wavu wa kukokota), chukua kama ishirini hivi uwaweke kwenye beseni la maji. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ule utelezi wake anapata vidonda. Mshike umgeuze tumbo juu, angalia kati ya tundu la haja na lile pezi la chini, pale kuna kijinyama kimechomoza. Dume kijinyama chake kimechongoka na kina tundu moja tu kwenye ncha, mkojo na mbegu vinapita njia moja, ukijumlisha na la haja ni matundu mawili. Jike chake ni kipana, butu, ncha ina katundu ka mkojo ambako ni kadogo sana, alafu katikati kuna kaufa kamekata kwa upana, hapo ndo yanapotokea mayai. Jumla matatu. Huoni? Chovya kijiti cha pamba kwenye rangi ya bluu ya keki upake, ule ufa utajichora wenyewe. Siku ya kwanza nilikosea kama nusu, ya tatu nikawa naenda kama nahesabu hela.

Usitegemee rangi. Ni kweli dume akiwa na hamu anakuwa na wekundu kichwani na kwenye mapezi, ila bwawa la kijani utaonea wapi. Hata samaki wenyewe tope linawachanganya, furu, wale visamaki wadogo wa hapahapa Ghuba ya Mwanza, walichunguzwa na mtafiti Ole Seehausen na wenzake, 1997 wakaandika kwamba maji yakichafuka majike hawatofautishi dume wa aina yao na wa aina nyingine, aina zinachanganyikana. Hiyo ni furu lakini, sato yeye ni mgeni humu Ziwa Victoria, aliletwa tu miaka ya 1950, na ngege, ndugu yake mwenyeji, leo kumpata ni kazi.

Dalili nyingine zipo chini ya maji. Ukipunguza maji utaona mashimo ya duara kama sahani, hivyo ni viota, dume ndo anachimba na kulinda. Jike anakuja anataga, dume anamwagia, jike anayazoa yote mdomoni anaondoka nayo. Anayaatamia humo, yakishaanguliwa bado anabaki na watoto, kazi yote wiki moja mpaka mbili na muda huo hali au anakula kidogo sana. Sasa we unamwaga pumba na dagaa, mwenzio kafunga! Ukiona jike kidevu kimetuna, fungua mdomo taratibu juu ya beseni utaona vitu vya njano vinamwagika.

Ukishawajua, majike watoe, kaanga, gawia majirani, dume ndo anakua haraka. Au tangu mwanzo nunua vifaranga waliolishwa chakula chenye homoni ya kuwafanya madume ile wiki tatu nne za mwanzo, ila wapindue hivohivo mimi sina imani tena na mdomo wa muuzaji. Njia ya tatu ni kambale, weka wachache ili wawale watoto wa sato, ila wawe wadogo kuliko sato uliowapanda la sivyo umefuga mwizi. Kambale hana shida ya kujaza bwawa, yeye anasubiri mvua na mafuriko ndo atage, bwawani anakomaa na mayai yake tumboni mpaka wataalamu wamchome sindano ya homoni.

Wenye vizimba ziwani nyie msihangaike na haya, jike akitaga mayai yanapenya kwenye nyavu yanazama kabla hajayazoa.

Ukitaka vifaranga kweli, tenga madume na majike, dume mmoja kwa majike watatu kwenye kizimba cha chandarua ndani ya bwawa. Jike wa gramu 100 anatoa mayai kama 100 hivi, wa karibu kilo anafika elfu na zaidi, kwa hiyo mama mkubwa ana faida. Kila wiki mbili pita na wavu laini alfajiri uchukue wale wanaoelea juujuu, ukichelewa wakubwa wanakula wadogo.

Mi saivi nina kambale 15 mle ndani, na sato wa mwisho niliyempima juzi kafika gramu 310.