Gari haiwaki? Washa taa kubwa kwanza
Kabla hujanunua betri mpya, washa taa kubwa alafu piga stata huku mtu anaziangalia. Stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inavuta umeme mwingi kuliko kitu chochote kwenye gari, so taa zikififia sana na unasikia tik-tik-tik basi umeme haufiki vizuri, na hapo angalia terminali za betri (pale nyaya zinaposhika betri) kwanza jamani, zikiwa zimelegea au zina ule unga mweupe au wa kijani zichomoe (anza na ya hasi, yenye alama ya −), sugua, kaza, jaribu tena. Taa zikibaki kali na unasikia "tak" moja tu, shuku stata. Injini ikizunguka vizuri ila haishiki, kipimo hiki hakikusaidii, cheki mafuta na plagi. Taa za LED pia zinadanganya, zinakula umeme kidogo so zinaweza kubaki kali hata umeme ukiwa hafifu.