Nusu ya Kimo Si Nusu ya Maji

Kila kiangazi wanahisa wadogo wa mifereji huleta lalamiko lilelile: "Hisa zangu ni nusu ya za jirani, mbona hata robo ya shamba hailowi?" Mara nyingi hakuna aliyeiba. Mgawa maji alifungua lango hadi rula ya kimo cha maji ikasoma sentimita 20 kwa mwenye hisa 10, kisha akalishusha hadi 10 kwa mwenye hisa 5, akaondoka akiamini ametenda haki. Hakutenda. Amempa wa pili chini ya sehemu moja kati ya tano ya maji ya wa kwanza.

Kwenye bamba la kupimia maji, lililokingama mferejini na lenye mkato wa V wa nyuzi 90 ambamo maji hupita, maji yakipanda hupanuka pia, na huongeza kasi. Sentimita 10 hupitisha lita 4.4 kwa sekunde. 15 hupitisha lita 12. 20 hupitisha 24.7; 25 hupitisha 43. Kwenye mkato wa mstatili hali ni nafuu kidogo, lakini nusu ya kimo bado ni kama asilimia 35 tu ya maji. Katika zamu ya saa sita kwenye V, yule mwenye hisa 5 amepunjwa zaidi ya mita za ujazo 170. Hayo ni maji aliyokwisha kuyalipia.

Ikiwa hisa kamili inasoma sentimita 20 kwenye V, nusu yake ni sentimita 15.2 na robo ni 11.5. Andikeni jedwali hilo kwa rangi, mlibandike langoni. Njia rahisi zaidi ni kuacha kimo kilekile na kugawa muda: mwenye hisa 10 saa sita, mwenye hisa 5 saa tatu. Muda uhesabiwe tangu maji yanapofika kwenye lango la mkulima, si tangu banio, yaani lango kuu la kuingizia maji mferejini, linapofunguliwa. Vinginevyo watu wa mkiani, mwisho wa mfereji, watakuwa wanalipia kulowesha mfereji mkavu wa wenzao.

Sasa rula yenyewe, maana hapa uzembe umezidi. Rula haichomekwi kwenye mkato. Pale maji yameshaanza kuinama ili yaanguke, na usomaji utakuwa pungufu. Iwekeni upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kimo kikubwa kinachotarajiwa: kwa sentimita 20, walau sentimita 80. Sifuri ya rula ilingane na ncha ya chini ya V, kwa kutumia pima maji, kile kifaa cha fundi cha kusawazishia. Haisimamishwi kwenye sakafu ya mfereji! Kukosea sentimita 1 tu kwenye kimo cha 10 ni kukosea kama robo ya maji. Maji yaanguke huru: uso wa maji baada ya bamba uwe chini ya ncha kwa walau sentimita 5. Zoeni mchanga upande wa bamba maji yanakotoka, kabla ya kila zamu. Mkishagusa lango, someni, subirini dakika 10, someni tena. Mkipata namba ileile ndipo muandike daftarini.

Vipimo vikikaa sawa, mashamba ya mkiani hulowa ndani ya zamu yake.

Kosa hilihili limehamia bwawani, na huko hasara ni ya msimu mzima. Bwawa lililojengwa bondeni ni jembamba chini na pana juu, hivyo kina kikishuka hadi nusu, maji yaliyobaki yanaweza kuwa sehemu moja kati ya nane tu. Kamati inayosoma mita 2 kwenye bwawa la mita 4 na kutangaza "bado nusu" inagawa maji ambayo hayapo. Haki ya mfereji iandikwe kwa lita kwa sekunde. Akiba ya bwawa iandikwe kwa mita za ujazo, na kila ufunguzi ukatwe humo. Lita 24.7 kwa sekunde ni mita za ujazo 89 kwa saa. Ondoeni kwanza maji yaliyo chini ya bomba la kutolea, kwa kuwa hayatoki. Kateni pia yanayokwenda na jua: milimita 6 kwa siku juu ya hekta 1 ya uso wa maji ni mita za ujazo 60, kila siku, hata siku ambayo hamkufungua.

Jedwali la kina na ujazo hupatikana kwa kupima eneo la bwawa kila baada ya sentimita 50 za kina, likiwa kavu. Lipimwe upya kila tope linapoongezeka, na kazi hiyo ifanyike kabla mvua hazijaanza.