Gego likiwa na ufa: litafute kwanza

Ramadhani iliyopita, watu wametoka tarawehe, shangazi yangu wa Kisauni akanipigia simu. "Mwanangu, gego lanitesa, na halina hata tundu. Nikiuma halina neno. Nikiachia, ndipo linanipiga kama umeme. Amoksilini nimemeza, wapi!"

Shangazi hupika mabuyu ya kuuza, na akiyaonja huyatafuna mpaka mbegu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Natibu meno hapa Mombasa, na kila mwezi huja mtu na maneno hayo hayo, kwa hivyo nayaandika.

Hatua ya 1: Usiku wa leo

Tafunia upande wa pili. Meza parasetamoli, au ibuprofeni kama huna vidonda vya tumbo, figo mbovu, pumu wala mimba. Mafuta ya karafuu: tone moja kwenye pamba, juu ya jino, si kwenye ufizi, maana yanaunguza. Aspirini usiibandike mdomoni kabisa. Nimeona ufizi umekuwa mweupe kama samaki aliyetiwa ndimu. Antibayotiki kama amoksilini haizibi ufa, rudisha kopo kabatini. Lakini shavu likivimba ukawa na homa, au mate hayamezeki, hilo si la kungoja asubuhi: hospitali kubwa usiku huo huo, hata kama ni kuvuka feri.

Hatua ya 2: Lijue jino lenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Shangazi alipokaa kitini alinyoosha kidole juu, kulia. "Ndilo hili, wallahi." Nami nilishaponzwa na kidole kama hicho. Mwaka wangu wa pili kazini mzee mmoja alinionyesha gego la juu. Nikalifungua, nikatoa kijazo cha zamani, ile dawa ngumu ya kuzibia tundu, nikaliziba upya. Akarudi. Nikakisawazisha kijazo, akarudi tena. Mara ya tatu ndipo nilipopima magego ya chini, nikaukuta ufa umelala kwenye gego la pili, na lile la juu nililolichimba lilikuwa zima tangu mwanzo. Mzee hakunigombeza, alinitazama tu, na kutazamwa vile ni kubaya zaidi.

Sababu ni kwamba mshipa mmoja mkubwa wa fahamu hubeba habari za meno ya juu na ya chini ya upande mmoja, na ubongo huchanganya. Upande wenyewe hauchanganywi: gego la kulia halitaumia kushoto. Basi mimi hupima magego yote ya upande huo, juu na chini, nikianza na yale mazima ili mgonjwa ajue kuuma kwa kawaida kukoje.

Gego kwa kawaida lina vilele vinne au vitano, vile vichwa vya juu vya kutafunia. Mgonjwa huuma kifaa kidogo cha plastiki, kilele kimoja kimoja, anakaza, kisha anaachia ghafla. Ninachokitafuta ni ule mshtuko wa kuachia. Ukiuma, vipande vya jino hutanuka. Ukiachia, hurudiana kwa ghafla, na majimaji yaliyo ndani ya vitundu vya dentini, tabaka lililo chini ya gamba la nje la jino, husukumwa yakachokoza neva. Wenzangu wengine hutumia pamba iliyoviringwa. Mimi siitaki: vilele vyote vinaiuma kwa pamoja, unabaki pale pale. Na wewe msomaji usijipime nyumbani kwa kijiko. Nimepokea jino lililokuwa na ufa asubuhi, jioni ni vipande viwili.

Eksirei nayo usiitegemee. Ufa mwingi wa gego huenda kutoka mbele kwenda nyuma, na miale hupita kutoka shavuni kwenda ulimini, kwa hivyo picha hutoka safi na mgonjwa huambiwa hana kitu. Picha ninaipiga hata hivyo, nione mizizi na mfupa, lakini ikitoka safi sitosheki. Namulika jino kwa taa kali kutoka ubavuni: mwanga ukifika kwenye ufa mzito husimama, upande mmoja unang'aa, wa pili giza. Mistari midogo ya enameli, lile gamba gumu la nje, haiuzuii mwanga, na karibu kila mtu mzima anayo. Mtu asikutoze pesa kwa ajili yake. Kisha napima ufizi kuzunguka jino. Palipo na shimo jembamba lenye kina, mahali pamoja tu, nahofia ufa umeteremka kwenye mzizi. Kama kuna kijazo kikubwa nakitoa, maana ufa hupenda kujificha chini yake.

La shangazi lilikuwa gego la kwanza la chini. La juu halikuwa na lolote.

Hatua ya 3: Tiba

Inategemea ufa umefika wapi. Kilele kimoja kikikatika, jino hujengwa au huvikwa kroni, yaani kofia ngumu inayolifunika lote. Ufa ukiwa katikati na neva ingali hai, mimi hulifunga jino kwanza kwa pete ya chuma, wiki mbili tatu. Likitulia, kroni. Lisipotulia, au likiuma lenyewe usiku bila kuguswa, neva imeharibika: ni kusafisha mizizi kwanza, yaani kutoa neva iliyokufa ndani na kuziba njia zake, kisha kroni. Kusafisha mizizi ya gego lenye ufa ukaliacha bila kroni ni kutupa pesa baharini. Jino lililogawanyika mpaka chini, au mzizi uliopasuka kwa urefu, huwa ni kung'oa. Na hata ukitibiwa vizuri ufa haufungi kama mfupa uliovunjika. Unazuiwa usiendelee, basi.

Shangazi alitaka kungoja Idi. Nikamkatalia, nikamfunga pete baada ya futari.

Hatua ya 4: Kilichopasua

Magego hupasuka sana kwa sababu yako karibu na bawaba ya taya, na mkasi hukata kwa nguvu zaidi karibu na msumari wake. Ongeza kijazo kikubwa cha miaka, barafu ya kutafuna, jiwe kwenye wali, kufungua soda kwa meno. Anayesaga meno usingizini atengenezewe kinga ya kulalia. Sipendi zile za kuchemsha maji na kujipima mwenyewe. Laini mno, watu huzitafuna kama jojo.

Shangazi sasa ana kroni. Mabuyu anaonjesha mjukuu, na humsimamia mpaka ateme mbegu.