Kabla hujafunga kihisi cha hewa ukaa kwenye banda la uyoga

Saa nne asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Tengeru, Arusha, bado haijaachia. Mama mwenye banda la uyoga amesimama kibarazani na kidude chake kipya cha kupima hewa ukaa mkononi. Kioo kinasoma 352.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, hawa wameniuzia kibovu. Mwanangu kasoma kwenye simu, hewa ya nje haishuki chini ya mia nne. Sasa tuko nje hapa, upepo unapiga, mbona kinanipa mia tatu na hamsini?"

Mwanawe alisoma vizuri. Hewa tunayovuta siku hizi ina zaidi ya sehemu 420 za hewa ukaa (ndiyo CO2) katika kila sehemu milioni moja, ndiyo ile ppm inayoandikwa pembeni ya namba. Na kidude nacho hakikuwa kibovu. Kilitoka kiwandani kikiamini kipo usawa wa bahari, na tangu kifike hakuna aliyekiambia kwamba kimeshapanda mita 1,200 na ushee.

Simu za namna hii napigiwa sana, na karibu zote zinakuja baada ya hela kutoka. Basi haya ni ya kusoma kabla.

Anza kwa kuelewa kinachofanyika ndani. Kihisi cha infraredi (wengine husema sensa, ingawa kwa wengi wetu sensa ni ile ya kuhesabiwa watu) hakinusi gesi. Upande mmoja kina kitaa kidogo, katikati kijibomba ambamo hewa inaingia na kutoka, na upande wa pili kipokezi kinachopima mwanga uliofika. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Ni ule ulio ng'ambo ya rangi nyekundu, ambao William Herschel aliugundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni ya rangi za mwanga wa jua akakuta joto linapanda mahali pasipo na rangi yoyote. Kila gesi inayomeza mwanga huo ina mawimbi yake. Hewa ukaa humeza sana kwenye maikromita 4.26, methani karibu na 3.3. Mbele ya kipokezi huwekwa chujio linalopitisha wimbi hilo tu. Mwanga ukipungua, gesi imeongezeka. Vihisi vya bei ya juu kidogo huwa na kipokezi cha pili kinachotazama wimbi lisilomezwa na gesi hiyo, ili kitaa kikichoka au vumbi likikaa, kisije kikadhani ni gesi.

Kinachohesabiwa hapo ni chembe za gesi zilizo njiani mwa mwanga. Kihisi hakijui ni sehemu gani ya hewa nzima. Pwani kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyotukandamiza, ni kama hektopaskali 1,013. Arusha mjini, mita 1,400 hivi, inabaki kama 860. Hewa ni ileile kwa mchanganyiko, ila imetandazwa, chembe zimeachana. Kihisi kinaona chache, kinasoma pungufu: Arusha angalau asilimia 15, Moshi mjini kama 10, na ukipanda Marangu au Kibosho pengo linarudi kukua. Aina nyingine hupungukiwa zaidi ya hapo, kwa sababu kanieneo ikishuka hata namna gesi inavyomeza mwanga hubadilika.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani, kabla ya bei: je, kina mahali pa kuingiza mwinuko au kanieneo? Baadhi vinapokea mita za mwinuko mara moja vikakumbuka. Vingine havina nafasi hiyo kabisa, itabidi programu inayosoma namba izidishe yenyewe. Vyote vinatumika, mradi ujue umenunua kipi. Mlima wenyewe si tatizo. Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa kwa infraredi huko Mauna Loa, Hawaii, Machi 1958, kwenye mita 3,400 hivi, akapata 313, na vipimo vya kituo hicho ndivyo dunia inavyovitegemea mpaka leo. Siri yao ni kukilisha chombo, tena na tena, gesi ya mtungi ambayo kiasi chake kinajulikana.

Swali la pili ni la gesi gani hasa unayoitaka, maana infraredi haioni kila kitu. Oksijeni, naitrojeni na haidrojeni hazimezi mwanga huo, kwa hiyo ukiambiwa kuna kihisi cha infraredi cha kupima oksijeni, rudisha hela mfukoni. Haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza, humeza kidogo mno. Inataka kihisi cha kemikali. Kaboni monoksidi ya jiko la mkaa humeza mwanga karibu na maikromita 4.6, lakini king'ora cha nyumbani cha gesi hiyo hutumia seli ya kemikali, na hicho ndicho cha kununua. Nasema hivi kwa sababu wakulima wa uyoga tunachemsha pipa la mabua na pumba kwa kuni, mara nyingi ubavuni mwa banda, na siku za baridi kuna mtu atalivuta pipa ndani. Kihisi cha hewa ukaa hakitakuamsha kwa ajili ya moshi huo.

Halafu kuna feki, au tuseme kisichokuwa feki ila kinauzwa kwa jina lisilo lake. Kuna kidude chenye kofia ya wavu wa chuma, MQ-135, ambacho ndani yake kuna oksidi ya bati inayopashwa moto. Kinaitikia moshi, amonia, pombe, marashi, kila kitu kidogo kidogo, na wauzaji wanakiita kipima hewa ukaa. Kuna na vingine vinavyoandika CO2 yenye herufi ndogo "e" mbele. Hiyo ni namba ya kukisia kutokana na gesi nyingine. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta herufi NDIR, ndiyo alama ya kihisi cha infraredi. Ukiwa na shaka, chovya pamba kwenye spiriti uisogeze karibu na kidude, wewe mwenyewe ukiwa umegeuza uso usikipulizie. Cha bati kitaruka kama kimeungua. Cha infraredi halisi kitakaa kimya.

Sasa nije kwenye jambo lililomtia yule mama hasara kuliko mwinuko. Msimu uliotangulia alikuwa na kihisi kingine, kizima kabisa, NDIR halisi, kimefungwa ndani ya banda kikiwasha feni chenyewe. Wiki ya kwanza feni ilifanya kazi. Wiki ya tatu ikawa haiwaki. Kioo kinasoma 600, 650, hewa safi. Uyoga ukaanza kutoka na mashina marefu kama filimbi, na kofia kila moja kama kifungo cha koti. Uyoga wa mamama ukitoa umbo hilo unakuambia umekosa hewa: wakati wa kuchipua unataka hewa ukaa iwe chini ya 1,000 hivi. Akabadilisha mbegu. Akabadilisha mabua. Kioo hakukitilia shaka hata siku moja, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na namba.

Kilichotokea ni kwamba vihisi vingi vya bei nafuu vina tabia ya kujirekebisha. Kinakumbuka namba ya chini kabisa kiliyoiona, vingine ndani ya saa 24, vingine ndani ya wiki au zaidi kidogo, kisha kinajiambia kwamba hiyo ilikuwa hewa ya nje, kinaiita 400. Ofisini ni sawa, usiku watu wanaondoka na hewa inasafika. Banda la uyoga haliondoki mtu. Mifuko ya uyoga inapumua mchana na usiku. Namba ya chini kabisa humo ndani inaweza kuwa 900, na kihisi kitaibatiza 400 bila kumwuliza mtu. Kila mzunguko kinazidi kupotea. Zizi la kuku lililofungwa lina ugonjwa huohuo, na chumba cha kuivishia ndizi pia. Kabla hujakitundika, zima tabia hiyo. Kama muuzaji hajui inazimwaje, chukua kingine.

Ukishaizima, kazi ya kurekebisha ni yako, mara moja kila miezi michache. Kitoe nje, kipe dakika 20 kikiwa kimewashwa, ndipo ukiamuru kihesabu hewa hiyo kuwa ya kawaida. Mwinuko uwe umeshaingizwa kabla ya hapo. Usifanye alfajiri: usiku migomba na majani nayo yanapumua, hewa imetulia bondeni, na hewa ukaa inakuwa imejaa chini. Ngoja jua lipande na upepo uanze. Kiweke juu ya kiti, uondoke. Pumzi ya mtu ina kama asilimia nne ya hewa ukaa, yaani 40,000, na ukikiinamia kusoma ndipo unakiharibia hesabu. (Hiyo pumzi ina kazi yake siku nyingine: ukitaka kujua kama kihisi kipo hai, kipulizie mara moja. Kitaruka mpaka mwisho wa kipimo, kisha kishuke polepole kwa dakika kadhaa. Kisiposhuka, kimeziba.)

Unyevu. Banda zuri lina unyevu wa asilimia 80 mpaka 95, na ukuta wa nailoni asubuhi unatoka jasho. Mvuke wenyewe haukisumbui sana kihisi cha hewa ukaa, ila tone likikaa kwenye kioo cha ndani mwanga unatawanyika na namba inakuwa ya ajabu. Dawa yake ni kukiacha kikiwaka muda wote, maana joto la kitaa chake linatosha kukifanya kiwe na joto kidogo kuliko hewa iliyokizunguka. Wanaozima usiku kubana umeme ndio wanaokuta umande ndani. Kitie kwenye kiboksi chenye matundu yanayotazama chini, kwa kimo cha mifuko ya katikati, mbali na mlango na mbali na mdomo wa bomba la kunyunyizia.

Tena uyoga wa mamama hutoa vumbi jeupe la vijimbegu, jingi, hasa ukichelewa kuvuna. Linakaa kwenye utando wa kihisi kama unga wa sembe. Lipanguse kwa brashi laini, usipulize kwa mdomo. Siku ya kupiga dawa banda, kihisi kitoke kabla yako.

Umeme sitakaa sana. Kitaa kinawaka kwa kushtuka, na vihisi vingine kila kikiwaka vinavuta mpaka miliampea 150. Chaja ya simu iliyochoka inashindwa, kihisi kinajizima na kuanza upya siku nzima. Umeme ukikatika na kurudi, kipe dakika tatu kabla hujaamini namba, na mwambie anayekuandikia programu ya feni afanye vivyo hivyo. Feni iwake kwenye 1,000, izime kwenye 800 hivi. Ukiweka namba moja tu ya kuwasha na kuzima, rilei, ile swichi inayowasha feni, itagonga kama mtu anapiga hodi mpaka ife. Na hewa inayovutwa itoke upande usio na pipa la kuni.

Kuna watakaotaka kihisi hikihiki kikalinde mtambo wa biogesi, kwa kuwa Arusha mitambo ya mtindo wa CAMARTEC, kile kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, ipo kwenye maboma mengi na mtu ana ng'ombe na uyoga pamoja. Hapana. Biogesi zaidi ya nusu yake ni methani, ambayo hulipuka ikifika asilimia 5 mpaka 15 ya hewa. Infraredi inaifaa sana, tena kuliko vihisi vya kuunguza gesi, ambavyo vinahitaji oksijeni na hufa vikikutana na salfaidi au silikoni. Lakini ni kihisi kingine, chenye chujio la 3.3, ndani ya kasha lisiloruhusu cheche kutoka, kimefungwa juu kwa sababu methani ni nyepesi. Gesi ya mtungi wa jikoni ni nzito, kihisi chake hukaa karibu na sakafu. Na usikiteremshe kidude cha uyoga shimoni au kisimani kuona kama pako salama: vingi vinaishia 5,000, wakati hewa ukaa ya kuua inahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na salfaidi hakiioni kabisa.

Mwisho kabisa, nunua utepe wa karatasi na kalamu. Yule mama tuliingiza mita 1,250, tukazima kujirekebisha, tukakirudisha kwenye kiti chini ya jua, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kilikuwa 421. Aliandika mwenyewe ubavuni mwa kiboksi: tarehe, mwinuko, "KUJIREKEBISHA: IMEZIMWA", na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina la mwanawe na maneno "USIGUSE".