Mwanamke Aliyesafirishwa Kiharamu Anapofika Polisi: Haki Zake na Hatua za Kufuata

Karatasi ya kwanza inayoandikwa kituoni huamua mengi kuliko hotuba zitakazotolewa baadaye mahakamani. Mwanamke yuleyule, mwenye masaibu yaleyale, anaweza kuandikwa kuwa mwathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, au mhamiaji asiye na vibali, au mtuhumiwa wa ukahaba, na kila hali ina njia yake na mwisho wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamke mwenyewe na kwa yeyote anayemsindikiza, awe ndugu, jirani au afisa ustawi wa jamii. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini nyingi zimejengwa juu ya msingi mmoja, yaani Itifaki ya Palermo, makubaliano ya kimataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 na kuanza kutumika Desemba 2003.

Kifungu cha 3 cha itifaki hiyo kinaligawa kosa hili katika sehemu tatu, nazo ni vema zikajulikana kabla ya kufika kituoni. Ya kwanza ni kitendo: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Ya pili ni njia iliyotumika, kama vile nguvu, vitisho, utekaji, udanganyifu, au kutumia vibaya mamlaka na unyonge wa mtu. Ya tatu ni lengo, ambalo ni unyonyaji, uwe wa kingono, wa kazi za kulazimishwa, wa utumwa au wa kuondolewa viungo vya mwili. Kwa aliye chini ya miaka 18 sehemu ya pili haihitaji kuthibitishwa kabisa. Fasili hiyo haidai kwamba mpaka wa nchi uwe umevukwa, wala haidai kwamba mwanamke awe alipinga tangu mwanzo. Pale ambapo mojawapo ya njia hizo imetumika, kukubali kwake hakumwondolei mtuhumiwa kosa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wakae kimya, wakijilaumu kwamba tiketi waliipokea kwa mikono yao wenyewe.

Kama mwanamke amebakwa au kupigwa, hospitali isisubiri polisi. Dawa za kinga dhidi ya VVU huanza kumezwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika hadi siku 5. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi badala ya plastiki, kwa kuwa unyevunyevu unaonaswa ndani ya plastiki huharibu ushahidi. Daktari aombwe kuandika majeraha yote, hata makovu ya zamani, pamoja na mahali yalipo mwilini.

Ushahidi mwingine huwa mdogo na hupotea upesi: mkataba uliosainiwa kwa lugha asiyoielewa, picha ya tangazo la kazi, tiketi, miamala ya fedha, ujumbe wa sauti kutoka kwa wakala. Simu isifutwe kitu. Iwapo alipewa simu hiyo na mtuhumiwa, inaweza kuwa inaonyesha mahali alipo, kwa hiyo izimwe na kuhifadhiwa hadi ikabidhiwe kwa mpelelezi kama kielelezo, naye atoe hati ya kuipokea.

Kituoni, aombe mambo manne kabla ya kuanza kueleza: chumba cha faragha, askari wa kike iwapo ndivyo anavyopenda, mtu anayemwamini wa kukaa naye, na mkalimani ikiwa lugha inayotumika si yake. Mkalimani asiwe mtu aliyekuja naye kutoka kule alikokuwa akitumikishwa, hata kama ni mwanamke mwenzake anayeonekana mwema, kwa sababu wakati mwingine msimamizi wa wanawake wengine ni mmoja wao aliyepandishwa cheo. Yeyote anayejibu maswali kwa niaba yake aombwe kutoka nje.

Madhara ya polisi kutomtenga mwanamke na anayemshikilia yalionekana wazi katika hukumu ambayo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa Januari 2010 dhidi ya Cyprus na Urusi. Mwaka 2001, mwanamke kijana aliyekuwa ameacha kazi ya kabare, yaani ukumbi wa burudani za usiku, alipelekwa kituoni alfajiri na msimamizi wake; polisi walikagua hadhi yake ya uhamiaji, hawakumhoji kuhusu hali yake, kisha wakamtaka msimamizi yuleyule aje amchukue. Muda mfupi baadaye alikutwa amekufa. Mahakama iliamua kwamba Cyprus ilishindwa kumlinda licha ya dalili zilizokuwapo, na kwamba Urusi haikuchunguza namna alivyoandikishwa.

Sehemu ngumu ni maelezo yenyewe. Mpelelezi huuliza, "Ulikubali kwenda?" Mwanamke hujibu kwa uaminifu, "Ndiyo." Kwenye karatasi huandikwa: "Alisafiri kwa hiari yake kwenda kufanya kazi." Sentensi hiyo si uongo, lakini imeua kesi, kwa kuwa imebakiza safari na kuacha udanganyifu. Jibu kamili lingekuwa hivi: "Nilikubali kwenda kulea mtoto kwa mshahara niliotajiwa. Nilipofika pasipoti yangu ilichukuliwa, nikaambiwa nina deni la nauli, nikafungiwa ndani." Hapo sehemu zote tatu za kosa zimo, bila neno hata moja la kisheria.

Asilazimike kusimulia kwa mpangilio wa tarehe. Mtu aliyeishi kwa hofu hukumbuka rangi ya mlango na kusahau mwezi, na "sikumbuki" ni jibu halali, wakati tarehe ya kubahatisha itageuzwa kuwa silaha na wakili wa upande wa pili. Kabla ya kutia saini, asomewe maelezo yote kwa lugha anayoielewa, arekebishe kila kilichokosewa, na asaini kila ukurasa. Asiondoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa na jina la mpelelezi. Iwapo afisa anakataa kupokea taarifa, mkuu wa kituo ndiye wa kumwendea kwanza, kisha ofisi ya mwendesha mashtaka au chombo kinachopokea malalamiko dhidi ya polisi. Na pale ambapo kuna sababu ya kuamini kwamba askari wa eneo hilo wanafahamiana na mtuhumiwa, ni busara kuanzia hospitali, shirika la msaada wa kisheria au kituo cha mbali.

Kuhusu makosa aliyotendeshwa, mfano kutumia hati bandia au kuishi nchini bila kibali, Kanuni na Miongozo iliyotolewa mwaka 2002 na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa inasema waathirika wasikamatwe wala kushtakiwa kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwao. Si kila nchi imeiweka kanuni hiyo katika sheria, kwa hiyo itajwe mapema na wakili. Katika nchi zilizoridhia Mkataba wa Baraza la Ulaya wa 2005 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, mwanamke hupewa angalau siku 30 za kupumzika na kutafakari kama atashirikiana na polisi, na katika muda huo hawezi kufukuzwa nchini. Mgeni anayezuiliwa ana haki, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963, ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Ni haki yake wala si wajibu. Anayekimbia mateso ya serikali yake mwenyewe afikiri kwanza.

Itifaki ya Palermo, katika kifungu cha 6, inataka utambulisho wake ulindwe kadiri sheria za nchi zinavyoruhusu, na apewe taarifa za mwenendo wa kesi. Inazitaka pia nchi zifikirie kumpatia makazi, ushauri nasaha na matibabu, na ziweke njia ya kudai fidia. Kwa hiyo mwendesha mashtaka aombwe mapema ushahidi utolewe nyuma ya pazia au kwa video, na dai la mishahara isiyolipwa liambatanishwe. Hesabu ya miezi na kiwango kilichoahidiwa iandikwe angali anaikumbuka.

Kurejea nyumbani kunatawaliwa na kifungu cha 8, kinachosema kurejeshwa kuzingatie usalama wake na kwa kupendelea kuwe kwa hiari. Kabla ya tiketi kukatwa, anayepanga safari aulize ni nani atakayempokea, kwa sababu mara nyingine aliyemkabidhi kwa wakala ni shangazi, mjomba au mume, na anwani iliyoandikwa kwenye fomu ya kurejea ni ya nyumba hiyohiyo.