Alama za AP: mwongozo kwa mzazi aliyesomea Afrika Mashariki

Aliyesoma Tanzania anaijua wani ya tatu, yaani Division One ya pointi tatu: kadiri pointi zinavyopungua, ndivyo matokeo yanavyozidi kuwa mazuri. Kwa mazoea hayo, mzazi anayeonyeshwa matokeo ya mitihani ya AP ya mwanawe huko Marekani na kukuta 1 anaweza kushangilia pasipo sababu. Kwenye AP, 5 ndiyo alama ya juu kabisa na 1 ndiyo ya chini kabisa. Aliyesoma Kenya amezoea KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambako A ni pointi 12, kwa hiyo upande huo hapotei. Yeye hujikwaa kwingine: akiona 3 kati ya 5, anapiga hesabu ya asilimia 60 na kununa.

Asinune. AP, kwa kirefu Advanced Placement, ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo yanayofundishwa sekondari, na mitihani yake hutungwa na College Board, taasisi ile ile yenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni. Kwa maelezo yao wenyewe, 5 inalingana na A ya chuoni, 4 iko kati ya A- na B, na 3 iko kati ya B- na C. Kwa hiyo kijana wa miaka 16 aliyepata 3 ya kemia ameonyesha kwamba kemia ya mwaka wa kwanza chuoni angeimudu. Hayo ni matokeo ya heshima.

Ninachotaka kila mzazi ashike ni kwamba alama hiyo ina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kumsaidia mtoto kukubaliwa chuoni. Ya pili ni kumpunguzia masomo, na kwa hiyo ada, akishaingia. Familia nyingi zinahangaika na ile ya kwanza na kuisahau ya pili, ilhali fedha ziko kwenye ya pili.

Kazi ya kwanza ni ndogo kuliko inavyosemwa. Tazama kalenda: mitihani hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai. Mwanafunzi wa darasa la 12 anakuwa ameshapata majibu ya vyuo kufikia mwanzo wa Aprili, na vyuo vingi vinataka uamuzi wake ifikapo tarehe 1 Mei. Alama zake za mwaka huo wa mwisho haziwezi kumwingiza wala kumzuia. Vyuo vinachotazama zaidi ni transkripti: alisoma masomo magumu kiasi gani, na alipata gredi gani darasani. Gredi ya darasani na alama ya mtihani wa AP ni vitu viwili. A ya darasa la AP huingia kwenye GPA, yaani wastani wa gredi zake, na shule nyingi huiongezea uzito ikahesabiwa 5 badala ya 4. Alama ya mtihani haigusi GPA hata kidogo.

Kama shule ya mwanao ina masomo machache ya AP, usikate tamaa na wala usikimbilie kuhama mtaa. Kaunsela hutuma chuoni maelezo ya shule pamoja na masomo inayotoa, na mtoto hupimwa kwa kile alichokuwa nacho mbele yake. Alama za darasa la 10 na la 11 anaweza kuzijaza mwenyewe kwenye fomu ya maombi, na kwa vyuo vingi anachagua zipi aziandike na zipi aziache. Ushauri wangu: 4 na 5 ziandikwe popote. 3 iandikwe kwa chuo kikuu cha umma cha jimbo lenu, lakini kwa vyuo vinavyochuja sana iachwe. Soma masharti ya kila chuo kwanza, maana yapo yanayotofautiana. Chuo kikuu cha Yale, kwa mfano, kilitangaza mwaka 2024 kwamba mwombaji anaweza kutumia AP badala ya SAT, na anayechagua njia hiyo hutakiwa kuonyesha alama zake zote za AP.

Sasa kazi ya pili. Ohio, vyuo vya umma hutoa krediti, yaani humhesabia mtoto somo kama ameshalisoma chuoni, kwa alama ya 3 na kuendelea. Texas na Illinois zina sheria zinazoelekea huko huko. Kwa familia zetu zilizoko Columbus, Houston au Dallas, hiyo ina maana kwamba mitihani michache iliyofaulu inaweza kuondoa masomo ambayo yangelipiwa ada kamili, na wapo wanaomaliza shahada mapema kwa muhula mzima. Vyuo vya binafsi vina msimamo wao: MIT hutoa krediti ya somo lake la kwanza la kalkulasi kwa mwenye 5 ya Calculus BC, mtihani wa AP wa hesabu, na Dartmouth haitoi krediti ya kuhitimu kwa alama yoyote ya AP.

Kwa hiyo kabla hujahesabu akiba, fungua tovuti ya chuo, tafuta jedwali la krediti za AP, kisha soma mstari wa somo husika mpaka mwisho. Alama inayotakiwa ni ipi? Inafuta somo gani? Na krediti hiyo inaingia kwenye fani atakayosoma, au inakaa tu kama somo la ziada? Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza wazazi wanaotaka mtoto awe daktari. Baadhi ya shule za udaktari hazikubali krediti ya AP kwa baiolojia au kemia, zinataka masomo hayo yasomwe chuoni. Mtoto wa namna hiyo aitumie AP kwa historia au Kiingereza.

Kuna mlango ambao familia za Goma, Bukavu, Bujumbura na Kigali zinaupita bila kubisha hodi. Mtihani wa AP wa Kiswahili haupo, lakini wa Kifaransa upo, na College Board hailazimishi mtu awe amesoma darasa lake ndipo aufanye. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa kabla ya kuhamia Marekani anaweza kuufanya akiwa bado anapambana na Kiingereza. Muulize kaunsela mapema, Septemba hivi, kwa sababu kama shule yake haiutoi, itabidi itafutwe shule jirani itakayompokea.

Kukaa darasani hakumsajili mtoto kwa mtihani. Usajili hufanyika kupitia shule, na mara nyingi mwisho wake ni katikati ya Novemba, nusu mwaka kabla ya mtihani wenyewe. Ada ni karibu dola 100 kwa kila mtihani. Familia ya kipato kidogo hupunguziwa, na yapo majimbo na wilaya zinazolipa zote, lakini mara nyingi lazima uombe. Mwambie mtoto pia asiache swali la kuchagua jibu likiwa tupu, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguziwi alama.

Kuhusu majina: watoto wetu wana majina matatu, na shule huyapanga inavyotaka. Mtoto akifungua akaunti mbili za College Board kwa mipangilio tofauti ya majina, alama zake zinaweza kugawanyika. Awe na akaunti moja, jina liwe kama lilivyo kwenye rekodi za shule, na atumie barua pepe yake mwenyewe, kwa maana ile ya shule hufungwa akihitimu.

Kila mwaka anaofanya mtihani anaruhusiwa kutuma alama bure kwa chuo kimoja, akikitaja kabla ya tarehe 20 Juni. Baada ya hapo kutuma ni kwa malipo. Mwezi Agosti, kabla ya kuchagua masomo ya muhula wa kwanza, ahakikishe krediti zimeshaingia kwenye rekodi yake ya chuo. Kama hazijaingia, aende kwa msajili mwenyewe, asije akajiandikisha na kulipia somo alilokwisha kulifaulu.