Kushona vazi la kuogelea la stara kwa cherehani ya nyumbani

Mwongozo huu unahusu vazi la vipande viwili ambalo wasichana na kina mama wengi wa mwambao hulihitaji wanapojifunza kuogelea: taiti inayofika kifundoni na blauzi ya mikono mirefu inayoshuka hadi mapajani. Nimeuandika baada ya kumwelekeza jirani yangu, ambaye alikwisha kukata tamaa akiamini kwamba kitambaa kinachovutika hakishoneki bila ovaloki, yaani mashine ya kufunga kingo. Kinashoneka, na hatua hizi hizi zinafaa pia kwa nguo za mazoezi, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Hatua ya 1: Kitambaa

Dukani karibu kila kitambaa kinachovutika huitwa laikra, hata kile ambacho ni poliesta tupu, kwa hiyo kipime mwenyewe. Shika sentimita 10 za kitambaa juu ya rula, zivute hadi zifike 15, kisha uachie. Kitambaa kizuri hurudi kwenye 10 papo hapo. Kinachobakia kwenye 10 na nusu kitalegea magotini na makalioni kikilowa. Rudia jaribio hilo kwa upande wa pili, kwa kuwa vazi la kuogelea hudai kitambaa kinachovutika kwa urefu na kwa upana. Kwa bahari napendelea nailoni asilimia 80 na spandeksi (uzi unaovutika kama mpira) 20. Kwa bwawa poliesta yenye spandeksi hudumu zaidi, kwa sababu huivumilia klorini kuliko nailoni. Pamba yenye spandeksi iachwe kwa mazoezi ya nchi kavu, kwani hunywa maji ikawa nzito. Ukipenda rangi nyepesi, lowanisha kipande, kitandaze juu ya kiganja na kukivuta. Mistari ya kiganja ikionekana, nunua na bitana.

Hatua ya 2: Vipimo na kukata

Fua kitambaa kabla ya kukikata. Vipimo vya mzunguko hupunguzwa: kitambaa kilichofika 15 katika jaribio la juu hupunguzwa asilimia 10, hivyo nyonga za sentimita 100 hukatiwa 90, kisha huongezwa nafasi ya mshono. Hesabu hiyo ni ya taiti. Blauzi ya stara ikatwe kwa kipimo halisi cha mwili au zaidi kidogo. Upande unaovutika zaidi ndio uuzunguke mwili. Usiache kitambaa kining'inie mezani unapokata.

Hatua ya 3: Sindano, na cherehani inayoruka mishono

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Unashona, unageuza kitambaa, unakuta mshono una nafasi tupu za sentimita nzima ambamo uzi wa juu umelala tu bila kushikwa na uzi wa bobini. Watu wengi hukimbilia kukaza na kulegeza uzi, wakashinda hapo mchana kutwa, ilhali kosa haliko kwenye uzi.

Sindano inaposhuka hupeleka uzi chini, na inapoanza kupanda uzi hufanya kitanzi kidogo nyuma yake, ambacho ndoano iliyo chini ya sahani (bamba la chuma ambalo sindano hupita tundu lake) hukidaka. Kitambaa chenye spandeksi huing'ang'ania sindano na kupanda nayo, kitanzi hakifunguki, na ndoano inapita patupu. Dawa ni sindano ya vitambaa vinavyovutika, yenye ncha butu kidogo inayopenya kati ya nyuzi bila kuzikata, na yenye mbonyeo mkubwa zaidi nyuma ya tundu ili ndoano ikaribie. Tafuta pakiti iliyoandikwa HA×1SP, namba 75/11. Kwa kitambaa kizito, 90/14. Tazama mpini wake: sindano za cherehani za nyumbani, pamoja na za cherehani nyeusi za miguu, zina ubapa upande mmoja, na mpini wa mviringo mtupu ni wa mashine za kiwandani, hata muuzaji akikuapia kwamba zote ni sawa. Isukume hadi mwisho wa kishikio kabla ya kukaza skurubu, kwa maana ikishuka hata milimita moja ndoano hukikosa kitanzi.

Ikiwa bado inaruka, ongeza mgandamizo wa mguu wa cherehani ili kitambaa kisinyanyuke na sindano. Kwa mshono ulionyooka, tumia sahani yenye tundu dogo, maana tundu pana la zigizaga (mshono unaokwenda huku na huku) huruhusu kitambaa kuzama. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, shona juu yake, kisha uichane. Sindano iliyogusa pini itupwe. Bei yake haifikii bei ya kitambaa. Na kila jaribio lifanywe kwenye vipande vilivyobaki, vikiwa vimekunjwa mara mbili kama mshono wenyewe.

Hatua ya 4: Mshono

Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba hukatika kitambaa kinapovutwa. Weka zigizaga nyembamba, upana milimita 1 na urefu 2.5, kisha pitisha mstari wa pili mpana pembeni yake na ukate kinachozidi. Usivute kitambaa, meno ya cherehani yatakisukuma.

Cherehani nyeusi haina zigizaga, na kwake peke yake kanuni hiyo inapinduka: fupisha mshono hadi milimita 2, legeza kidogo uzi wa juu na wa bobini, kisha shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano na ukivute kwa nguvu sawa. Baadaye vuta mshono kwa mikono miwili. Ukisikia uzi unakatika, rudia. Ukiamua kupeleka kwa fundi mwenye ovaloki, uliza kama ni ya nyuzi nne. Ile ya nyuzi tatu hufunga kingo vizuri, lakini mshono wake hufunguka meno taiti inapobana.

Hatua ya 5: Lastiki na vitanzi

Nunua lastiki ya mpira iliyotengenezwa kwa nguo za kuogelea, kwa kuwa ya kawaida hulegea upesi kwa klorini. Ya kiunoni ipungue asilimia 10 ya kipimo cha kiuno, na ishonwe kwa zigizaga pana.

Blauzi ikiingia majini huelea na kupanda hadi kifuani, jambo linaloondoa maana yote ya stara. Shona vitanzi viwili vya utepe ndani ya blauzi, usawa wa kiuno, na kamba mbili kwenye kiuno cha taiti, zifungwe kabla ya kuingia majini. Ziwe pembeni, juu ya nyonga, kwani zikiwa mbele hubinua blauzi kila mwogeleaji anapokunja magoti.